Pikipiki Iliyolala Ghalani

Bado naipenda pikipiki yangu, lakini Jumatatu ilinivua nguo.

Mimi ni bwana shamba hapa Sumbawanga, na siku hizi za ruksa, biashara zikiwa huru, nami nimejinunulia chombo. Kilikuwa cha katekista mstaafu, kikalala miaka sita katika chumba chake cha mahindi. Kilometa hazifiki elfu mbili.

"Bwana shamba," fundi Sikazwe aliniambia, "iliyolala huharibika kuliko inayotembea. Tubadilishe oili, tukague breki, tufungue na chujio la hewa."

Nikaona anajitafutia kazi ya kunitoza. Oili na breki nilikubali. "Lakini chujio la nini? Vumbi litoke wapi, na haijatembea?"

Basi nikaenda kijiji cha jirani, njia ya Matai, kufundisha kuhifadhi mahindi. Pikipiki ilikohoa njia nzima. Nikasema inajinyoosha baada ya usingizi. Mkutanoni nilichangamka, nikawaambia akina mama kwamba panya akizaa ghalani, mwenye ghala ni mzembe, hakagui. Wakanipigia makofi.

Wakati wa kuondoka haikuwaka. Walinisukuma hadi shuleni na kurudi. Mwisho nikaazima spana, nikafungua kisanduku cha chujio mbele ya darasa langu lote. Yakamwagika mahindi, kama kibaba kizima, kisha matambara, kisha panya na watoto wake watano wasio na manyoya.

Mwenyekiti wa akina mama, bibi mmoja mpole, alichutama akawatazama vizuri.

"Bwana shamba," akasema, "na ghala hili ni la nani?"