Mariette Ampeleka Mama Kupimwa Tension

Mtaani Mususa, mjini Butembo, hakuna mimba iliyowahi kumpita Mariette. Yeye ni fundi wa nguo, na mwanamke anaweza kumdanganya mumewe na mchungaji wake, lakini utepe wa kupimia kiuno haudanganyiki. Akigundua, ananyamaza. Kwao mimba haisemwi; tumbo litajisemea lenyewe, na kabla ya hapo kila jicho ni la hasidi.

Zamu yake ilipofika, alijificha vizuri mno. Ubaya ni kwamba mimba ya kwanza ilimpotea mwezi wa saba: alivimba, akashikwa na kifafa, mtoto akazaliwa amekufa. Godelive, muuguzi wa kituo cha afya, alimwonya kwamba akipata mimba ya pili aje kabla ya miezi mitatu kwisha, wapime mapema kama tension, ile presha ya damu, itamrudia. Sasa mimba ya pili ilikuwa imeingia, na Mariette alimtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote. Lakini kwenye benchi la kituo ndiko wanakokaa wateja wake wote.

Akili ni mali. Akamwomba mama yake mzazi, Mama Kanyere, wafuatane, ili ionekane anampeleka yeye. Mama Kanyere, mwenye afya ya kulima kilima kizima kabla ya chai, hakubisha. Walipofika benchini akaanza kuugua kwa bidii, mara kiuno, mara kichwa, hadi wanawake wakampisha mbele. Mariette alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango wa chumba cha kupimia ulipofungwa, Godelive alimpima Mariette tension na mkojo, kisha akauliza kama mama yake au dada yake aliwahi kupata tension ya mimba. Mariette akajibu haraka kwamba hapana, kwao wote ni wazima. Godelive akainama aandike hivyo.

"Usiandike," alisema Mama Kanyere. Maumivu yote yalikuwa yamemwisha. "Wakati nilikuwa na mimba yake, nilivimba mpaka uso. Nikaanguka mu njia. Balinibeba na kipoyi, ile machela ya miti, mpaka hospitali ya Beni."

Mariette alimkodolea macho. Hasira ilimpanda, ikagongana na huruma.

"Nilizika mutoto, mama, na ukanyamaza?"

"Mambo ya mimba hatusemaka," mama yake akajibu, akaanza kulia kweli.

Godelive alisema neno hilo linaongeza hatari: Mariette, aliyekwisha kuugua mara ya kwanza, sasa ni wa kulindwa zaidi. Angempa aspirini ndogo ya kunywa kila jioni, na kila mwezi apimwe. Hakuahidi kwamba tension haitakuja, ila ikija isiwakute wamelala.

Mariette alificha karatasi ya dawa kifuani, akamnong'oneza mama yake aendelee kuugua wakitoka. Mama Kanyere akafungua mlango, akasimama wima mbele ya benchi zima.

"Mimi siko mugonjwa," akasema. "Mutoto yangu ndiye iko na mimba, ya mwezi wa tatu. Na ninyi muulize bamama yenu kama balivimba wakati ya mimba."

Mariette akafunika uso. Kila mtu benchini akatazama viatu vyake. Kisha msichana mmoja mwembamba, ambaye alikuwa ameapa amekuja kwa ajili ya malaria, akatoa simu na kumpigia mama yake aliyeko kijijini Eringeti. Mtandao ulikuwa mbaya, ikabidi swali alirudie mara tatu, kwa sauti.