Tuta Halirukwi

Kwetu Kwihara hatukuruka tuta. Ukipewa upande wako shambani, unalima tuta baada ya tuta, na ukikuta gumu unakomaa nalo mpaka liishe. Aliyeruka alisemwa msimu mzima kuwa ni mvivu, na kwa msichana sifa hiyo ilifukuza wachumba. Mimi sikuwahi kuruka. Nilikuwa mbishi kama nini.

Ubishi huo nusura unikoseshe shule. Nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni, na mbele yetu kulikuwa na mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Baba alishasema wazi: nikishinda, niende, nikishindwa, kalamu basi, nirudi jembeni. Nami niliipenda shule ile nisiyowahi kuiona, hata nikiosha vyombo naiwaza.

Mwalimu wetu alikuwa Mgogo, kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyamwezi. Siku moja alitupa jaribio la namna mpya: kila swali lina majibu manne, kazi yako kutia alama kwenye moja. Tukaona mteremko. Maswali ya mwanzo nikapita. Kisha likaja la garimoshi lililotoka Kigwa na magunia ya karanga, sijui likashusha mangapi wapi. Nikakwama. Nikakaa nalo, na kengele ikalia nimekaa nalo.

Mwalimu akaitazama karatasi yangu. "Haya mengine umemwachia nani?"

"Sijayafikia, Mwalimu."

"Si ungeruka hilo?"

"Kwetu haturuki."

Alicheka mpaka akakaa. "Ninyi Wanyamwezi. Ndiyo maana babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Hakuna aliyewaambia kwamba mzigo hutuliwa."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikanuna. Lakini tangu siku ile alinibakiza baada ya masomo, akanifundisha kuruka. Soma; ukijua, tia alama; hujui, pita. Ukirudi, ondoa kwanza majibu ya kipuuzi, uchague katika yaliyobaki. Usiache pengo. Jamani, iliniuma. Kila swali nililoliruka nililionea haya.

Siku ya mtihani, mjini Tabora, nilipofika kwenye swali gumu la kwanza nililisoma mara tatu. Nikawaza shangazi zangu wangesema nini. Nikaruka. Nikaruka na jingine, na hapo, nisiseme uongo, nikaona raha. Nilifika mwisho muda ungalipo, nikayarudia niliyoyaacha, na mengine yakawa yamelainika yenyewe. Machache nilibahatisha tu.

Majibu aliyaleta mwalimu mwenyewe nyumbani. Nimeshinda. Mama akapiga vigelegele. Baba alikuwa anasuka kamba ya kitanda. Alisikiliza, akamshukuru mwalimu, akaendelea kusuka. Moyo ukanishuka. Nikadhani amebadili nia, na kwa siku kadhaa sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi ya safari nilimkuta uani amevaa kanzu yake ya sikukuu, sanduku langu liko begani kwake. Nikataka kumpokea, akakataa. Njia nzima alitangulia, na kila aliyetusalimu, hata kabla hajauliza habari za nyumbani, baba alimwambia kwa sauti, "Nampeleka binti yangu shule. Ameshinda." Aliwaambia hata watu asiowajua. Tulipokaribia mjini sauti ilikuwa imemkauka, na bado anawaambia.