Msimu Vlasta Aliposimama Kona ya Wafumaji

Walipoufunga mtaa mkuu ili wabadilishe mabomba ya maji yaliyooza, tramu mbili, namba nne na namba tisa, zilielekezwa kupita kwetu, Mtaa wa Wafumaji, kwa wiki kumi na moja. Hapa Brno, mji wetu nchini Cheki, tumezoea. Kila kiangazi lazima mtaa fulani upasuliwe tumbo, na mtu akitoka nyumbani asubuhi hajui tramu yake, šalina kama tunavyoiita, leo inapita wapi. Ila safari hii zilipita mlangoni pangu hasa, na ndivyo nilivyomjua Vlasta Zouharová.

Mimi ni fundi viatu, na funguo nachonga pia. Duka langu lilikuwa pale pale kwenye kona reli zinapogawanyika: namba tisa inakata kulia kuelekea stesheni, namba nne inanyoosha hadi darajani. Reli zile za muda hazikuwa na mtambo wa kuzigeuza, kwa hiyo waliweka mtu. Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwembamba, kizibao cha rangi ya chungwa kikimpwaya, mtaimbo mkononi. Tramu ikija inasimama. Vlasta anachomeka mtaimbo kwenye mwanya wa reli, anauegemea kwa uzito wake wote, ulimi wa chuma unahama, anainua mkono, tramu inapita. Baada ya dakika tatu inakuja nyingine.

Siku ya kwanza nilimtolea kigoda. Alishukuru, akaweka juu yake chupa ya maji, akaendelea kutembea. Hatua kumi na mbili hadi ukingo wa shimo la mabomba, hatua kumi na mbili kurudi. Mkate wake wa mchana aliula akitembea hivyo hivyo.

"Hebu kaa japo kidogo, dada," nilimwambia. "Unanichosha mimi ninayekutazama."

"Nimekaa miaka miwili, fundi. Inatosha."

Alikuwa dereva wa tramu kwa miaka ishirini na sita. Kisha siku moja kizunguzungu kilimshika akiwa kazini, akaisimamisha tramu katikati ya njia, akateremka na kukaa chini barabarani. Hakuna aliyeumia, lakini daktari alimwondoa kwenye udereva moja kwa moja. Wakampeleka kwenye stoo ya vitu vilivyosahauliwa na abiria. Aliniambia kwamba mle ndani mlikuwa na miavuli mia nne, na hakuna hata mmoja uliokuwa na safari. Waliposema wanatafuta mtu wa kusimama na mtaimbo kiangazi kizima, juani na mvuani, hakuna mwingine aliyetaka. Yeye aliomba mara mbili.

Watu walimuuliza yeye kila kitu, kwa sababu ndiye aliyevaa kizibao. Bibi mmoja mwenye kikapu alisimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Namba nne yangu mmeipeleka wapi?"

"Imechepuka, bibi. Kituo sasa kiko kule mbele ya duka la mikate."

"Kumbe tramu nazo siku hizi zina michepuko. Marehemu mume wangu naye alikuwa nao. Afadhali nyinyi mmeweka kibao."

Vlasta alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka sana. Vumbi la shimoni lilikuwa limeingia mpaka kwenye gundi yangu, nyundo za umeme zilinguruma tangu saa moja asubuhi, na wateja walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara.

Siku ya nne mambo yakabadilika. Namba tisa ilikuja, moja ya zile tramu mpya ndefu, ikakata kulia. Tramu ndefu ikikata kulia, mkia wake hufagia kwanza kushoto, na kushoto kuna reli ya zile zinazotoka darajani. Muda huo huo namba nne ilikuwa inapita huko. Nilikuwa mlangoni nikipiga kisigino msumari. Niliona Vlasta ameganda, mtaimbo haujagusa chini. Tramu zikapishana, zikaenda. Akasogea mpaka katikati ya reli mbili, akapima nafasi kati ya reli hizo kiganja baada ya kiganja, akapima tena kutoka upande wa pili.

"Fundi, umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mwanya. Ule mwanga kati yao. Njoo usimame hapa, ije nyingine."

Nilikwenda, nikasimama alipotaka nisimame. Namba tisa nyingine ikaja, na namba nne ya kupishana nayo ikaja pia. Nikaona mwanga kati ya mabati mawili, mwembamba kama kipande cha mkate kilichosimamishwa wima. Niliuona vizuri kabisa. Lakini niliwaza: wakiisimamisha njia hii, mtaa utafungwa wote, na mimi nitakuwa sina hata hao wateja watatu wa asubuhi.

"Mimi fundi viatu," nikasema. "Sijui mambo ya tramu."

Alinitazama kidogo, kisha akatoa simu akampigia msimamizi.

Msimamizi aliitwa Hynek Vaculka, mtu mzuri tu, mwenye tumbo na haraka. Alikuja na mchoro umekunjwa kwapani, akautandaza juu ya kigoda changu.

"Dada Vlasta, soma mwenyewe. Sentimita ishirini na tano. Imepimwa na imepigwa muhuri."

"Karatasi ina ishirini na tano. Pale chini hakuna."

"Waliojenga reli wamesaini."

"Basi waje wasimame hapa nilipo mimi."

Hynek akashusha sauti, na hapo ndipo alipokosea. "Sikiliza. Wewe daktari alikutoa kwa sababu ya kichwa. Jua ni kali. Labda unaona vitu vinasogea."

Hynek alipoondoka, Vlasta alisimama na mtaimbo wake bila kutembea, mara ya kwanza tangu nimjue, na jambo hilo lilinitia wasiwasi kuliko kutembea kwake. Jioni akaniuliza, bila kunitazama, kama na mimi naona kichwa chake hakiko sawa. Nikasema hapana. Sikusema zaidi.

Kuanzia kesho yake akaanza kuzizuia. Namba tisa ikija, haigeuzii reli mpaka ahakikishe hakuna namba nne inayokuja kutoka darajani. Wakati mwingine dakika moja, wakati mwingine nne. Foleni ikajipanga mpaka kwenye kanisa. Madereva wakagonga kengele, abiria wakatoa vichwa madirishani na kumwuliza kama amelala, kama amelewa, kama mtaimbo ni mzito wamletee mume. Naye akawa anakwenda huku na huko, shingo imegeukia darajani, midomo inahesabu.

Katika madereva alikuwapo Ilona, binti wa miaka thelathini hivi, ambaye Vlasta mwenyewe alimfundisha kazi. Alifungua kidirisha chake.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini wiki hii sijapata hata muda wa kwenda chooni. Ratiba yote imeharibika kwa ajili yako."

"Ukifika hapa kwenye kona, mwanangu, unatazama kioo cha kushoto?"

"Natazama mbele, kuna watu wanavuka."

"Basi leo tazama kioo."

Ilona alitazama. Mzunguko uliofuata hakugonga kengele tena, akawa anangoja kimya mpaka aruhusiwe. Lakini dereva mmoja hawezi kuwanyamazisha ishirini. Alhamisi Hynek akapiga simu: kuanzia Jumatatu atakuja mtu mwingine, na mpaka hapo Vlasta asizuie tramu yoyote, hiyo ni amri. Niliisikia sauti yake nikiwa ndani ya duka.

Alhamisi hiyo hiyo mchana mvua ikanyesha, mvua ya kiangazi inayomwagwa kwa ndoo. Ukingo wa shimo ukameguka. Ijumaa asubuhi Vlasta alifika kabla yangu. Nilimkuta amepiga magoti kati ya reli, anapima nafasi kwa viganja, viatu vimejaa tope.

"Imesogea," akasema. "Kutoka reli hadi reli, tangu jana pamepungua kiganja kizima."

Alimpigia Hynek mara tatu, simu haikupokelewa. Saa mbili na nusu Ilona akaja na namba tisa, imejaa watu wa kwenda kazini. Upande wa pili namba nne ilikuwa imeshateremka kutoka darajani. Vlasta alichomeka mtaimbo kwenye mwanya wa reli, akauacha umesimama humo, akasimama mbele ya tramu akiwa amekunja mikono kifuani. Akanyoosha mkono mmoja kuizuia na namba nne, na dereva wake, kwa mshangao tu nadhani, akasimama jirani kabisa na kona.

Basi hapo pakawa na zogo. Nyuma ya Ilona zikafuatana tramu nne, magari, lori la saruji. Mtu mmoja mwenye mkoba akamwambia Vlasta kwamba atahakikisha anafukuzwa kazi. Akamjibu, "Jumatatu. Umechelewa kidogo." Hakuondoka mbele ya tramu, lakini miguu yake haikutulia, alikuwa akihamisha uzito kulia na kushoto kama mtu anayengoja zamu ya daktari.

Hynek alifika akikimbia, jasho linamtiririka, shati limetoka kwenye suruali.

"Toa mtaimbo, Vlasta."

"Nitautoa. Washushe watu kwanza, tramu zote mbili. Kisha Ilona avute polepole na wewe usimame utazame. Ikipita, naondoka leo hii, huna haja ya kungoja Jumatatu."

Hynek alitazama foleni. Akatazama saa. Nadhani alikubali kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia fupi. Abiria wakashuka wakinung'unika. Vlasta akageuza reli, akainua mkono, na Ilona akaivuta tramu taratibu, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kichwa kikapita. Katikati ikapita. Kisha mkia ukaanza kufagia, na Hynek, aliyekuwa amesimama mbele ya namba nne akichungulia pembeni mwake, akapaza sauti, "Simama." Sauti ya bati kukwaruza bati ikasikika kabla Ilona hajashika breki. Taa ya pembeni ya namba nne ilipasuka, na kando ya dirisha la kwanza, mahali ambapo mzee mmoja wa kila siku huweka kiwiko chake nje wakati wa joto, rangi ilikuwa imechunika mpaka kwenye chuma.

Yule mwenye mkoba alichomoka, nikamwona akitembea kwa miguu kuelekea stesheni.

Baadaye ikajulikana. Mafundi waliolaza reli walikuta mfuniko wa mtaro ambao haukuwa kwenye mchoro, wakaisogeza reli kidogo kuukwepa, wakasaini kana kwamba hawakusogeza. Mvua ikamalizia. Njia ilifungwa siku mbili, reli ikanyanyuliwa na kulazwa upya, zikawekwa taa ili tramu zipite moja moja, na mtambo wa kugeuza reli ukaletwa pia. Kwa hiyo mtu wa mtaimbo hakuhitajika tena. Hynek alikuja mwenyewe kumwambia. Alimwomba radhi kwa yale maneno ya kichwa, akiyatazama matope, na Vlasta akasema yamepita.

Alipokuja kunirudishia kigoda, nilikuwa nimejiandaa kusema jambo, lakini akaniwahi.

"Siku ile uliona, sivyo?"

"Niliona."

"Nilijua. Nilitaka tu kusikia, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaanza kutojiamini."

Nilimwomba msamaha. Akasema haya, akaondoka. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Alirudishwa kwenye miavuli. Majira yote ya baridi aliandika barua kwa wakubwa, Hynek akitia sahihi chini yake, na mwezi wa Aprili wakampa kazi ambayo haikuwapo: kabla mchepuko wowote haujafunguliwa, yeye anaupita kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, anapima kila kona. Kizunguzungu bado humjia. Mara moja alianguka karibu na soko la mboga akashonwa nyuzi tatu kwenye nyusi, na wiki iliyofuata alikuwa njiani tena.

Mimi nililifunga duka la kona vuli ile, nikahamia karibu na hospitali. Mwaka jana nilimwona akishuka mtaa wetu mpya kando ya reli, mvua inanyesha, kofia imemshuka machoni. Nilitoka nikamwita aingie anywe kahawa.

"Siwezi, fundi. Wanafungua kesho, na sijafika hata nusu."

Alisimama mlangoni labda dakika moja, akaniuliza habari za duka jipya, huku akitazama mbele zilikoelekea reli, kisha akaenda.