Nilisikia Nusu ya Habari, Nikamzika Jirani Yangu Akiwa Hai

Nimekosa, jamani, na sitaki mnipe pole. Mtu akipewa pole huanza kujiona mwema, na mimi si mwema. Nikikumbuka nilichokifanya nashikwa na kinyaa, kile cha kuona nywele kwenye mchuzi na wewe umeshameza. Jina langu sitalitaja. Ya wengine nimeyabadilisha, maana wameshaumia vya kutosha.

Mimi ni Mrabai, karani wa yadi ya makontena huku Changamwe, na yaliyotokea yalitokea nilipokuwa nimepanga Magongo. Ploti yenyewe ni zile za vyumba vinavyotazamana, kamba za nguo katikati, choo na bafu la watu wote mwisho wa ua. Jirani yangu alikuwa baharia, fundi wa umeme wa meli, mtu wa Bungoma. Tumwite Wafula. Alikuwa akiishi na mkewe, Nasimiyu, na mamake mzazi. Yeye akisafiri, miezi na miezi, mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa karibu wa kuwaangalia.

Redio iliyoniponza ilitoka kwake. Aliporudi safari moja aliniletea redio ya satelaiti ya kubeba mkononi. Si hizi za kushika stesheni za Mombasa na basi. Ilikuwa ndogo, ukubwa wa nusu mkate, na antena yake bapa kama jalada la kitabu, ina waya wake. Ukiielekeza mahali pa mbingu palipo wazi, unapata stesheni za dunia nzima, na sauti safi utadhani mtangazaji amekaa chumbani mwako.

Nilimwambia, "Mbona usimwachie mama?"

Akacheka. "Mama atasikiza hiyo Kizungu ya nani? Kaa nayo, jirani. Ukisikia mambo ya bahari, mwambie. Nikiwa huko sitaki akae na wasiwasi."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia. Aliniamini, mshenzi mimi!

Sasa, kwenye ploti ile, redio ilikubali kushika mahali pamoja tu: antena ikiwa juu ya ukuta wa choo. Kwingine kote mabati na ghorofa za jirani ziliziba. Basi nikawa naweka kigoda changu pale pale kando ya mtaro wa maji machafu, na watu wakanifuata. Walivumilia uvundo ule ili wasikie habari za dunia kutoka kinywani mwangu, maana redio ilizungumza Kiingereza cha haraka na mimi ndiye niliyekuwa mfasiri. Wakaniita Bwana Anga.

Jina lile lilinilevya. Nikaanza kutembea kwa maringo. Mtu akiuliza jambo nisilolijua, nilikuwa najibu tu, natia chumvi, nakunja uso kama mtu aliyezungumza na marais. Nguo mbichi zikining'inia mbele ya antena sauti hukatika, basi nikawapiga marufuku wanawake wasianike mpaka nimalize habari. Wake za watu! Niliwafokea kwa ajili ya shuka zao wenyewe, kwenye kamba zao wenyewe. Na bado wakaniheshimu.

Siku ya siku ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Wafula alikuwa safarini na hajapiga simu kwa muda mrefu. Mama Wafula alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchicha. Mimi niko kwenye kigoda changu, watu wamenizunguka. Mara mtangazaji akataja meli, na jina lilikuwa lile lile la meli ya Wafula. Akasema imevamiwa na maharamia. Akasema kuna moto. Akasema mabaharia wote... hapo sauti ikakatika.

Niligeuka. Mtu alikuwa ameanika blanketi.

Nilipiga kelele blanketi liondolewe, likaondolewa, lakini redio iliporudi mtangazaji alikuwa ameshahamia kwenye mpira. Watu wote wananitazama. Jina la meli walikuwa wamelisikia, hilo halikuhitaji mfasiri. Mama Wafula amesimama, mchicha umemwagika miguuni pake.

"Umesikia nini, mwanangu?"

Ningesema, "Mama, imekatika, sijasikia mwisho." Maneno machache tu hayo! Lakini Bwana Anga hajawahi kusema hajasikia. Macho yote yale juu yangu, na mimi nikaona aibu ya kijinga, aibu ya mtu aliyezoea kusifiwa. Kichwani nikajiambia moto ukiwa melini na maharamia wako ndani, nani atapona? Nikalijaza pengo mwenyewe.

"Meli imeungua, mama. Hawakupona."

Kilio alichotoa yule mama sitakielezea. Nasimiyu alitoka bafuni na povu la sabuni mikononi, akaniuliza mimi, si mwingine, "Ni ukweli?" Nikaitikia kwa kichwa.

Matanga yakawekwa pale pale uani. Na hapa ndipo ninapojitapikia. Kila aliyekuja kuhani aliletwa kwangu, na kila aliyeletwa nilimpa hadithi ndefu kuliko ya aliyemtangulia. Nikatia moshi. Nikatia nahodha aliyekataa kuruka. Nikatia hadi upepo! Nikapewa kiti cha plastiki chenye mikono, na sahani yangu ya wali ndiyo iliyokuwa na mapande ya nyama. Nikala. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena.

Siku ya pili ya matanga, watu wameenda mjini kwa wakala aliyempeleka Wafula melini, nami nikabaki nyuma, Mama Wafula akiwa chumbani mwake. Nikafungua redio chini kwa chini, sikio nimelibandika. Habari ikarudiwa, na mara hii haikukatika. Moto ulikuwa mdogo na umezimwa. Mabaharia wote wako hai, wameshikwa mateka, meli imepelekwa pwani ya kwao wale walioiteka.

Hai! Nilisikia kwa masikio yangu mawili.

Mnadhani nilikimbia kumwambia mama? Nilizima redio. Nikakunja waya wa antena taratibu, nikaviringisha vyote kwenye kanga ya mke wangu, nikasukuma chini ya kitanda. Mke wangu akaniuliza redio ina nini. Nikamjibu, "Imeharibika." Niliwaza nitaambiwa nini. Nitaitwa mwongo, nitarudishwa kuwa mtu wa kawaida. Nikajidanganya kwamba wakala ataleta habari sahihi, na mimi nitasema redio ilikosea. Lakini waliotoka mjini walirudi wakasema ofisi ya wakala imefungwa kwa kufuli na hakuna ajuaye alikokwenda.

Kwa hiyo shahidi akabaki mimi peke yangu.

Kwao Wafula, mtu akifa na mwili usipatikane, huzikwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo zake, likalazwa jenezani, likazikwa kama mtu. Lakini wazee hawafanyi hivyo kwa uvumi. Amu yake alipiga simu kutoka Bungoma akasema aletwe yule aliyesikia. Nikapanda basi pamoja nao, Mama Wafula amekaa kando yangu, ameegemeza kichwa begani kwangu safari nzima. Bega hili hili.

Wazee wakanisimamisha mbele ya watu. Mmoja akaniuliza, "Ni wewe ulisikia?"

"Ni mimi."

"Ulisikia wamekufa, ama ulisikia watu wakisema?"

Alinipa mlango wazi kabisa, yule mzee! Nikamjibu, "Nilisikia wamekufa." Hapo sikuwa nimekosea tena, jamani. Hapo nilikuwa najua. Nasimiyu akanyolewa nywele. Shina likavishwa shati la buluu ambalo Wafula alikuwa akilivaa kanisani, likateremshwa shimoni, na mimi nikatupa mchanga pamoja na ndugu zake.

Nasimiyu na mimi tulirudi Mombasa, kila mtu kwenye kazi yake. Mama alikataa kurudi. Alisema hawezi kumwacha mwanawe peke yake. Kila nilipopiga simu niliambiwa anashinda kando ya kaburi, anazungumza na udongo, chakula anakigusa tu. Nikawa natuma salamu. Salamu! Wakati nilikuwa na dawa yake kinywani. Kisha Nasimiyu akaja akaniambia mama ametutoka. Walimzika ubavuni mwa mgomba.

Haukupita muda mrefu, simu ya Nasimiyu ikalia kwa namba ya nje. Aliposikia sauti aliitupa simu, akakimbilia kwetu, akaanguka mlangoni. Alidhani ni mzimu. Ilikuwa Wafula. Wameachiliwa.

Alipofika Bungoma hakuruhusiwa kuingia kwao. Mtu aliyezikwa haingii langoni mpaka kaburi lake lifukuliwe na kondoo achinjwe. Na wazee wakaamua kwamba aliyeleta habari ndiye atakayefukua. Nikaitwa, nikaenda.

Nilichimba mchana kweupe, ukoo mzima ukiangalia. Mbao za jeneza zilikuwa zimeshalegea. Mgomba ukioza huwa uji, uji mweusi wenye nyuzinyuzi, na harufu yake ni ya tindikali na samadi. Nikaambiwa nisitumie koleo, nitoe kwa mikono. Lile shati la buluu likanipasukia mikononi, na ndani yake ute ukanichuruzika hadi viwikoni. Nikatapika palepale, ubavuni mwa kaburi la mama wa watu.

Wafula alikuwa amesimama nje ya ua, amekonda, ndevu zimemjaa. Nilipomaliza alinisogelea na kibuyu cha maji, akaninawisha mwenyewe.

"Pole, ndugu yangu," akaniambia. "Si wewe. Ni redio ilisema."

Nilitamani anipige kwa jembe. Na bado sikusema kitu! Nilikubali maji yake, nikakubali na pole yake.

Aliporudi Magongo, jioni moja akaja kwetu na bisibisi. "Ile redio ilipata shida gani? Leta niangalie. Nimekaa bure sana."

Nikaanza kubabaika, oh, sijui niliiweka wapi. Mke wangu, hana habari, akainama akaitoa uvunguni. Wafula akaipangusa vumbi, akatia betri alizokuja nazo, akaenda akaweka antena juu ya ukuta wa choo. Hakufungua skrubu hata moja. Alibonyeza tu, na mtangazaji akazungumza, sauti safi.

Akaangalia redio. Akaniangalia mimi.

"Hii haina shida."

Nikainamisha macho kwenye mtaro.

"Ilikuwa sawa tu?"

"Ilikuwa sawa."

"Ulisikia tuko hai?"

Mke wangu alikuwa amesimama pale. Nasimiyu naye alikuwa kambani anaanua nguo. Nilikuwa nimechoka kunuka ndani kwa ndani. "Nilisikia. Siku ya pili ya matanga."

Hakunipiga. Hakupandisha sauti. Alizima redio, akaniwekea mikononi, halafu akageuka kuutazama mlango wa chumba chao.

"Mama alikuwa hapo tu," akasema.

Akaingia ndani. Mwisho wa mwezi wakahama, yeye na Nasimiyu, na sijui walikohamia. Nasimiyu alipita mbele yangu na masanduku yake, akatema mate chini. Haki yake. Mke wangu bado yuko nami, lakini nikianza kumsimulia jambo lolote, hata la kazini tu, huniuliza, "Umeliona, au umelitunga?" Wanangu wamekua wakisikia swali hilo. Kanisani nilikuwa nikisoma masomo Jumapili, nikaacha mwenyewe, siwezi kusimama mbele za watu na kusema "sikilizeni". Sisi pia tulihama. Nyama ya matanga siigusi tena, harufu yake tu hunirudishia ute ule mikononi. Redio ninayo. Stesheni zile za satelaiti zilifungwa, haishiki chochote, na kuitupa nimeshindwa.

Ninyi mnaosoma haya, siku hizi kila mtu ana simu, kila mtu ni Bwana Anga. Habari inakufikia nusu, unaijaza, unaituma, unasifiwa kwa kuwa wa kwanza. Nawaomba, mkisikia nusu, semeni nusu. Semeni "sijui", neno hilo halijaua mtu. Na mkishakosea, msingojee kupata njia ya kusema itakayowaacha na heshima zenu. Njia hiyo haipo, nimeitafuta. Inukeni mkaseme vilevile mlivyo, na aibu yenu, kabla shimo halijachimbwa.

Mimi sikuhitaji nauli wala simu. Mlango wa Mama Wafula ulikuwa mkabala na wangu, na siku ile ulikuwa wazi.