Bashkir ya Baba

Harufu ya taulo chafu ndiyo inanirudisha Juba ya vita kuliko kitu chochote. Wengine wanakumbuka utoto wao kwa maua na mikate ya moto. Mimi Mungu alinigawia jasho. Tulikaa mtaa wa Hai Malakal, tukuli mbili, vile vibanda vya mviringo vya nyasi, na ua wa mabua. Baba alikuwa fundi cherehani sokoni, kazi aliyojifunza Uganda akiwa mkimbizi wa vita vya kwanza vya Sudani. Taulo tulikuwa nayo moja, ya bluu, nene, na hata jina lake tuligombania. Mama aliiita bashkir, kama Juba nzima. Baba aliiita taulo. Alisema neno la mama lilikuja na Waturuki, nao walilitoa kwa Waajemi, ambao kwao lilikuwa kitambaa cha kuweka mbele ya mtu anayekula. La kwake lilikuja na Waingereza. Nikamuuliza, na sisi tulileta nini? "Sisi tulileta mwili uliolowa," akasema. Halafu akanionyesha vile vijitanzi vya uzi: aliyeifuma hakuvikata, ndiyo maana kitambaa kinakunywa maji na kinashika harufu. Mimi shule niliishia darasa la tano, na hilo ndilo somo pekee lililoniingia vizuri.

Askari walimchukua mchana, akiwa kwenye cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni. Walisema ameshonea watu wa msituni nguo. Baba alishonea kila mtu. Suruali haisemi inakwenda wapi. Kwenye kambi ya jeshi walikomfungia hawakuruhusu mtu kumwona. Waliruhusu kitu kimoja tu: Jumapili baada ya ibada unapeleka chakula kimefungwa ndani ya nguo safi, unarudishiwa nguo chafu ya wiki iliyopita. Mama akaikata taulo vipande viwili ili kimoja kiwe kwa baba, kingine kwenye maji ya kufulia. Mlinzi wa geti alikuwa anamcheka. "Mama, mume wako ni bwana harusi? Kila Jumapili bashkir." Mama naye anajibu, "Mwambie basi bibi harusi amechoka kungoja." Mlinzi alicheka, lakini kumwambia sijui kama alimwambia.

Tukifika nyumbani mama alikuwa haifui kwanza. Anaingia ndani, anaiweka usoni, anavuta pumzi. "Ni yeye," anasema, halafu ananipa na mimi ninuse. Nadhani nyumba yetu peke yake Hai Malakal ndiyo ilifurahia uvundo. Mimi nilikuwa nanusa kwa kelele kama mbwa ili mama acheke, na alikuwa anacheka, kisha tunakula vizuri usiku huo. Hatukuwa na habari nyingine. Mtu akitoa jasho, yuko.

Kisha Jumapili moja taulo ilirudi chafu kama kawaida, na mama akainusa muda mrefu sana. Akaigeuza, akanusa upande mwingine. Hakunipa. Nikaichukua mwenyewe, nikakutana na tumbaku kali, ile ya kusokota kwa karatasi. Baba tumbaku hakuijua kabisa. Akipita mvutaji alikuwa anakohoa kwa makusudi. Nikasema labda amejifunza huko, watu wanajifunza vitu. Mzaha wangu ulidondoka hapo chini, hakuna aliyeuokota. Mama akachota maji akaanza kufua. Alifua polepole, na Jumapili iliyofuata alipika, akafunga chakula, akashika njia ya kambini.

"Mama, si baba tena."

"Nimesikia."

"Sasa tunampelekea nani?"

"Kuna mtu anajipangusia, mwanangu. Naye ana njaa."

Getini mama hakuthubutu kuuliza. Aliogopa wakimjibu kwamba baba hayupo, hata huyo mwingine atakosa chakula. Ikaendelea hivyo, tumbaku ile ile kila wiki, mpaka tulipopata njia ya kutoka kwenda Uganda. Mama alizikwa huko, bila mtu yeyote kumwambia kitu kuhusu baba.

Siku hizi mimi nimerudi Juba, nauza nguo mtaa wa Sherikat. Watoto wangu kila mmoja ana taulo yake na bado wanapigana. Mtu akikamatwa leo, simu zinapigwa mpaka Nairobi, picha yake inazunguka, na bado kuna nyumba hazijibiwi. Kanisani tunaombea marehemu kwa majina, halafu tunaombea walio mbali. Mimi mwenye mdomo mrefu, pale nanyamaza mara mbili. Mwaka huu tena katibu wa kanisa amenifuata na kalamu, anataka kujua baba amwandike upande gani. Nimemwomba aje Jumapili nyingine.