Udongo Niliokwenda Kuukataza

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa ofisini, maana wao huongeza chumvi, na aibu yenyewe inatosha ilivyo.

Kazi yangu ni kupima udongo, na wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, niliyoisubiri mpaka mama mkwe akachoka kuuliza. Ofisi ikanituma ng'ambo ya Busisi nikawaambie akina mama waache kula udongo mwekundu wanaouchimba karibu na wanakosafishia dhahabu. Nikafika mapema, nikakaa kwenye gari na kimfuko cha sampuli ya udongo huo, mara mvua ikanyunya kidogo na ule udongo ukaanza kunukia (mliowahi kubeba mimba mnanielewa), nikasema nalamba tu pembeni, nani atajua?

Kuja kushtuka, kimfuko kitupu.

Nikasimama mbele yao nikaanza. "Mama zangu, wekundu huu ni kutu ya chuma, na kutu hiyo inakamata madini ya risasi na aseniki, inang'ang'ana nayo hata mvua haiyang'oi, lakini yakifika tumboni kwenye asidi yanaachiliwa, yanamwingia mtoto!" Kidole juu, sauti ya ukali. Wakanikazia macho wote, nami nikadhani nimewagusa.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, mbona meno yako mekundu?"

"Shikamoo, bibi," nikasema, nimeziba mdomo.

"Marahaba. Nimeuliza meno."

Mwenyekiti wao, Mama Neema, akataka kuniokoa: "Bibi, mwache mtaalamu. Dada, hebu tuonyeshe huo udongo." Nikainua kimfuko, upepo ukakichukua. Wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa vitenge. Bibi peke yake hakucheka, alinishika tumbo akauliza, "Umeula wote?" Hapo nikaangua kilio, maana kila nililowahubiria lilikuwa linanihusu mimi na mwanangu.

Nikarudishwa Mwanza nikapimwa damu, siku nne sikupata usingizi. Majibu yakatoka salama, na huyo mtoto sasa ananikimbiza uani hapa Pasiansi. Udongo siuli tena, hata harufu yake ikinifuata kitandani. Ila ripoti ya safari ile ipo kabatini na kila mgeni wa ofisi huonyeshwa: kwenye sampuli ile, palipoandikwa "hali ilipopokelewa", bosi amejaza kwa mkono wake, "Ilifika ikiwa ndani ya mtaalamu."