Bibi na Ndege wa Nchi Mbili

Mbele ya kibanda changu cha cherehani, hapa sokoni Mpanda, kuna fundi wa mabati. Asubuhi akianza kugonga debe ili alinyooshe, koo langu linakauka. Wateja hudhani ni vumbi. Mama mmoja mwema aliwahi kuniletea pipi za kifua, nikazipokea na kushukuru. Ningemwelezaje kwamba kifua ni kizima, ila mwili wangu ukisikia debe unajiandaa kupiga kelele?

Nilikuwa mtoto wa kuamia ndege. Nyie mnaokula wali wa huku kwetu, mjue kwamba kabla haujafika kwenye sahani zenu kuna mtu alisimama shambani tangu kwenye umande hadi jua linazama, akiwafukuza kwelea kwelea. Ni ndege wadogo, mmoja unamfunika kwa kiganja. Lakini hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi wa tumbaku uliopeperushwa na upepo, wanageuka wote kwa pamoja, na wakitua kwenye mpunga unasikia mashuke yakivunjika kama mvua inayoanza juu ya majani makavu.

Tuliishi Katumba, makazi ya wakimbizi. Bibi yangu, mzaa baba, alifika hapo akitokea Burundi, wakati kwao watu walipokuwa wanakimbia kuokoa roho zao. Baba alikuwa mgongoni. Walishushwa porini, wakapewa jembe na panga, wakaambiwa waanze maisha. Bibi alisema alfajiri ya kwanza alisikia ngoma zinapigwa mbali, akamwamsha mwenzake wa safari akilia kwa furaha, akidhani watu wa kwao wamefika. Kulipokucha wakawaona mumbi, wale ndege weusi wakubwa wenye koo jekundu, wakitembea chini kwa miguu na watoto wao kama familia inayokwenda kanisani. Ngoma zilikuwa zao. Bibi alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anafuta macho, na mimi nilicheka pia, maana nilidhani ni kichekesho.

Shamba letu la mpunga lilikuwa kwenye mbuga, ng'ambo ya reli. Baba alikuwa na tumbaku yake, mama alikuwa na mdogo wangu mchanga, kwa hiyo mpunga ulikuwa wa Bibi na mimi. Tulikaa juu ya dungu, kijukwaa cha miti alichotujengea baba, mimi na debe langu, yeye na kombeo lake. Kazi ile inachosha kwa namna yake. Si nzito kama kulima, ila haikuachi. Ukifumba macho kidogo, wameshuka. Jioni miguu haikuwa na maumivu, bali macho na koo, na usingizini bado niliwaona wakigeuka angani.

Bibi ndiye aliyenifundisha kutazama. Katikati ya makelele yetu alikuwa akinionyesha kwa kidole: yule pale, umemwona? Ndege aliowajua tangu kwao aliwasalimia kwa Kirundi kama jirani waliokutana njiani. Yangeyange, wale weupe wanaofuata ng'ombe, kwao waliitwa inyange, na hilo lilimfurahisha sana. Alisema hao walivuka na jina lao. Ndege aliowakuta huku aliwaita wenyeji, akawaheshimu. Kwelea kwelea peke yao hakuwapa heshima. Aliwatukana kwa maneno ambayo hakunitafsiria, na siku nilipoyarudia nyumbani mbele ya katekista nilipigwa kofi ambalo Bibi hakuja kunitetea.

Lakini ndege wake alikuwa umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Kwao walikaa wawili wawili kwenye bonde lenye maji chini ya nyumba ya baba yake, wakirukaruka na kufungua mabawa kama wanacheza harusini, na hakuna mtu aliyewagusa. Miaka yote ile hakuwahi kumwona hata mmoja Katumba. Watu walisema wako mbugani hifadhini, kule Katavi, lakini sisi hatukuwa watu wa kwenda hifadhini kutalii. Kila msimu alipanda dungu, akaangalia upande wa bondeni kwanza, ndipo akafungua kombeo.

Kisha ukaja mwaka ambao watu wazima wote wa Katumba waliulizwa wachague, kubaki na kuwa raia wa hapa, au kurudi kwao. Kila mmoja alijibu peke yake. Baba alichagua kubaki, na jioni ile alirudi anapiga mluzi. Bibi alirudi, akaketi, akavua kandambili.

"Nimeandikisha kurudi," alisema.

Baba alidhani hakusikia vizuri. "Kurudi wapi, mama?"

"Kwetu. Nina kaka zangu kule, na kama wamekufa nina makaburi yao."

"Na sisi?"

"Nyie mko kwenu."

Baba alibembeleza, alikasirika, aliita wazee wa kanisa. Bibi aliwasikiliza wote kwa adabu, akawapa uji. Siku ya kuondoka nilimshika nguo mbele ya lori la kuwarudisha watu Burundi, nikalia hadi nikatapika. Alinifuta kwa kanga yake, akasema, "Mwana wanje, mwanangu wee, nenda shambani. Ndege hawajui kama mimi naondoka." Nikaenda. Nilikuwa juu ya dungu lori lilipopita, na sikuweza kupunga mkono kwa sababu kwelea kwelea walikuwa wameshuka.

Msimu uliofuata niliamia peke yangu. Sitaki kuusimulia sana. Nilipiga debe mpaka likapasuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwama, na baadaye ikaondoka kabisa, nikawa nakimbia huku na huku kwenye mpunga nikipunga matambara bila kutoa neno, na wao wakapanda tu na kushuka upande wa pili. Muuza dagaa mmoja aliyekuwa akizunguka kati ya Kigoma, Burundi na kwetu alipita akanikuta nimekaa chini nalia bila sauti, akanisaidia kuwafukuza mpaka jioni. Tulivuna kidogo sana. Baba alizipepeta zile punje mara mbili, kana kwamba zingeongezeka.

Bibi alirudi kabla ya mvua nyingine. Aliteremka kwenye lori la mkaa akiwa na furushi lile lile aliloondoka nalo, amekonda, miguu imevimba kwa safari. Mama aliangusha ndoo. Mimi niliuliza kama ameniletea zawadi.

"Nimekuletea habari," alisema, akanipakata ingawa nilishakuwa mkubwa wa kupakatwa.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Watoto wa kaka zake walimpokea vizuri, wakampa chumba, ila majirani walimwita Mtanzania. Bonde la baba yake halikuwa na maji tena, lilikuwa limelimwa lote. Alitafuta umusambi kila mahali. Mwishoni akamwona mjini, kwenye ua wa tajiri mmoja, amekatwa mabawa, akidonoa ukoko pamoja na kuku. Alisimama kwenye uzio akimtazama hadi mlinzi akamfukuza.

"Nikasema basi," Bibi aliniambia. "Kama ni hivyo, bora hawa wezi wetu wa mpunga."

Mpunga ulipochanua tena, alipanda dungu. Niliamini habari ile kwa miaka mingi, na kuisimulia shuleni. Kwangu Bibi alikuwa mtu aliyerudi kwa sababu ya ndege.

Jambo ambalo sikulielewa ni kwa nini baada ya hapo hakutoka tena Katumba. Harusi ya shangazi mjini Mpanda hakwenda. Pasaka tulipoalikwa huko, hakwenda. Gari geni likisimama kijijini alikumbuka ghafla kwamba ana kazi shambani. Miguu ilipozidi kuvimba, baba alileta pikipiki ampeleke hospitali, naye akakataa kukaa juu yake. "Wakiniuliza kwenye kizuizi cha barabarani mimi ni wa wapi, nitawajibu nini?" alimwambia. Kwenye karatasi alikuwa ameshaondoka. Huku hakuwa raia na kule hakuwa mkimbizi tena. Baba alikwenda kumwombea karatasi mpya ofisi baada ya ofisi, akaambiwa asubiri. Bibi alitibiwa na dawa za zahanati ya kijiji na maji ya moto, na kifo kikamkuta bado tunasubiri.

Mwaka jana baba alikuja kukaa kwangu aangaliwe macho. Tulikuwa tunachambua maharage, nikamkumbusha ile habari ya umusambi aliyekatwa mabawa. Aliacha kuchambua.

"Hivi wewe hukuambiwa?" akasema. "Yule muuza dagaa ndiye alimfikishia bibi yako habari. Alimwambia mjukuu wako yuko peke yake mbugani, amepoteza sauti. Mama hakusubiri hata asubuhi mbili. Walimsihi sana kule, walikuwa wamemjengea chumba."

Niliendelea kuchambua. Sijui kama yule ndege wa tajiri alikuwepo kweli. Huenda alikuwepo, huenda Bibi alimtunga njiani, kwenye lile lori la mkaa, akitafuta jibu la kumpa mtoto. Ninachojua ni kwamba alikwishaona bonde lake, akaliacha mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Na hakutaka mimi nikue nikijua kuwa sababu ni mimi.

Baba aliuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia nimechoka tu.